Lawama ya Mnyororo Uliolika

Mnyororo wa baiskeli iliyotiwa injini nyumbani ukikatika barabarani, watu hukusanyika wakaitafuta pingili iliyoachia. Ikipatikana huinuliwa juu, kila mtu akaitazama, na hukumu hutolewa papo hapo kwamba hiyo ndiyo yenye hatia. Nadhani hukumu hiyo ni ya haraka mno. Nataka kuuliza hatia ya jambo kama hili hukaa wapi hasa, maana wanaoumia ni watu, wala si vyuma.

Yafaa kwanza tujue jinsi mnyororo unavyolika. Desturi ni kusema kwamba umevutika, kana kwamba chuma ni mpira. Sivyo. Vibati vya pembeni hubaki na urefu wake karibu vilevile. Kinacholika ni pini na bushi yake, mahali ambapo jicho halifiki. Katika mnyororo wa bushi na rola, aliobuni Hans Renold mjini Manchester mwaka 1880, kila pingili hujikunja inapoingia katika meno na kujinyosha inapotoka, na kila mkunjo husugua pini. Gurudumu dogo la injini mara nyingi lina meno 10. Hapo pingili hujikunja nyuzi 36. Katika gurudumu la nyuma lenye meno 44 hujikunja nyuzi 8 na ushei tu. Miguu ya mwendeshaji huzungusha pedali mara 60 hivi kwa dakika. Gurudumu lile dogo laweza kuzunguka zaidi ya mara 1,000. Ongeza mchanga wa barabarani, ambao ukichanganyika na mafuta husaga chuma kama tupa. Kila pini hupoteza kiasi kisichoonekana, na hasara hizo hujumlika hata mnyororo mzima ukawa mrefu kuliko meno yaliyotengenezewa kwa kipimo chake. Hapo rola hupanda kuelekea ncha za meno, na meno nayo hulika; hata mnyororo mpya ukivishwa juu yake huharibika upesi.

Basi ni mzunguko upi uliokuwa kosa? Hautajiki. Kila mmoja, ukitazamwa peke yake, hauna dhara. Mwenye baiskeli aweza kuapa, tena kwa kweli, kwamba hakuna siku aliyotenda baya: jana chombo kilikuwa kizima, na leo hakikuwa na tofauti na jana. Utetezi huu una nguvu kuliko unavyodhaniwa, wala haukanushwi kwa kutamka neno uzembe na kunyamaza.

Una nguvu zaidi kinywani mwa mtu mwenye dhiki. Baada ya Umoja wa Kisovieti kusambaratika mwaka 1991, kisiwa cha Kuba kilikosa petroli. Serikali iliagiza baiskeli kwa wingi kutoka China, na watu wakazitia injini walizozipata katika pampu za maji na misumeno. Chupa ya plastiki ikawa tangi. Waliviita vyombo hivyo rikimbili, na kwa miaka mingi havikupata idhini ya sheria. Ernesto Oroza, msanifu wa huko, amevikusanyia habari na kuviheshimu kama ushahidi wa akili isiyokubali kushindwa. Nami naviheshimu. Ni nani atakayemwambia mtu wa Havana wa miaka ile akanunue mnyororo mpya? Kumlaumu kwa kukosa kitu ambacho hakikuwamo dukani ni dhuluma.

Lakini kukosa mnyororo mpya na kutojua hali ya mnyororo ulio nao ni mambo mawili. Mnyororo wa kawaida wa baiskeli una nusu inchi kati ya pini na pini. Kwa hiyo pingili 24 zikiwa mpya ni inchi 12 kamili. Zikizidi kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, mnyororo umekwisha. Zikizidi kwa sehemu moja ya 8, mara nyingi meno nayo yamekwisha. Rula ya mtoto wa shule yatosha. Hapa ndipo naiona siku iliyokosekana: ni ile ambayo mtu aliishika rula, akaogopa jibu lake, akairudisha mfukoni. Umaskini haukumshika mkono. Na lau angalijua, angaliweza kwenda polepole, kuzima injini mlimani akashuka na kusukuma, au kukataa mzigo. Anunuaye chombo cha kiwanda hugawana kazi ya kujua pamoja na aliyekiunda na aliyekikagua. Aliyejiundia mwenyewe ndiye kiwanda, ndiye mkaguzi, ndiye dereva. Asipopima yeye, hapana mwingine.

Tena yuko mtu wa pili, yule aketiye nyuma. Husikia mnyororo ukipigapiga, akadhani ndiyo sauti ya injini. Mnyororo ukichomoka ukajisokota kati ya gurudumu na fremu, gurudumu hukwama na wote wawili huanguka. Lakini wa mbele alikuwa na nafasi ya kuchagua, na wa nyuma hakuambiwa neno. Kabla ya kumpandisha, ningetaka mwendeshaji amtajie kipimo alichokiona asubuhi ile, kisha amwache aamue mwenyewe kama atapanda au atakwenda kwa miguu.