Subira ya Nani?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Siku ya Idd, mtoto mmoja wa majirani zetu hapa Busia alipigwa picha kwa simu. Jicho moja lilitoka jekundu, kama macho yanavyotoka kwenye picha za usiku. La pili lilitoka jeupe, liking'aa kama la paka. Watu walicheka, picha ikatumwa kwa jamaa. Baada ya miezi michache jicho lile lilianza kwenda kombo. Bibi yake akasema ni husuda. Mtoto akasomewa, akatiwa dawa ya majani. Alipofikishwa hospitali, daktari aliwaambia wazazi kwamba jicho litolewe haraka.

Baba alikataa. Alisema hawezi kumtia mwanawe upungufu ambao Mola hakumuumba nao, na kwamba jambo hili amemwachia Mwenyezi Mungu. Tuliokuwepo tulisema mashallah, huyu ana tawakkul. Nami nilisema. Walipokubali kwenda Kampala, ugonjwa ulikuwa umeshatoka nje ya jicho. Tulimzika kabla ya Ramadhani iliyofuata. Allah amjaalie awe akiba kwa wazazi wake.

Tangu siku ile najiuliza: je, ile ilikuwa tawakkul? Na kama ilikuwa subira, ilikuwa subira ya nani?

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Ni saratani ya jicho la watoto, madaktari huiita retinoblastoma. Ni nadra: humpata mtoto 1 katika kila 16,000 hadi 18,000 wanaozaliwa, wengi wao wakiwa chini ya miaka 5. Dalili yake ya mwanzo ni ule weupe ndani ya mboni. Ikigunduliwa ingali ndani ya jicho, zaidi ya watoto 9 katika 10 hupona, mara nyingi kwa kulitoa jicho na kuwekewa la bandia. Ikivuka, hufuata mshipa wa jicho kuelekea kwenye ubongo. Hapo upasuaji peke yake hautoshi. Huhitajika kemo, pengine na mionzi, na matumaini hupungua sana.

Basi mzazi hakuwa akichagua kati ya jicho na upofu wa jicho moja. Alikuwa akichagua kati ya jicho na mtoto.

Ndugu mmoja ataniambia: wanazuoni wengi hawakusema kujitibu ni wajibu. Na yule mwanamke mwenye kifafa, aliyemwomba Mtume (s.a.w.) amwombee, si alikhiyarishwa kati ya kuponywa na kusubiri apate Pepo, naye akachagua kusubiri? Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa. Ina majibu mawili.

La kwanza: Imam Ghazali aligawa sababu katika mafungu matatu. Zipo za yakini, kama maji kwa mwenye kiu na mkate kwa mwenye njaa. Zipo za dhana yenye nguvu. Na zipo za kubahatisha. Kuacha sababu ya yakini, alisema, si tawakkul hata kidogo. Tiba nyingi za zama zile zilikuwa za dhana, ndiyo maana wengi hawakuziwajibisha. Lakini tiba inayookoa watoto 9 katika 10 imeshakaribia mkate na maji. Hukumu haikubadilika, kilichobadilika ni fungu ambalo tiba hiyo imo.

La pili ndilo linalonigusa zaidi. Yule mwanamke aliulizwa yeye mwenyewe. Mwili ulikuwa wake, maumivu yake, na malipo yake. Mtoto wa miaka miwili hakuulizwa. Baba alisubiri kwa jicho lisilokuwa lake. Subira ni kubeba mzigo wako. Ukimtwika mwingine asiyeweza kusema hapana, hiyo haiitwi subira. Mtoto ni amana, na mwenye kushika amana hana ruhusa ya kuitoa sadaka.

Mwaka 1992 Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah, iliamua jambo hili wazi. Tiba huwa wajibu pale kuiacha kunapopelekea kuangamia nafsi au kiungo. Na mlezi akikataa tiba kwa madhara ya wazi ya anayemlea, kukataa kwake hakuzingatiwi. Haki huhamia kwa walezi wengine, kisha kwa mamlaka.

Tunapenda pia kusimulia kisa cha Urwa bin Zubayr, aliyepatwa na maradhi ya mguu safarini Sham. Tunasimulia alivyokataa kinywaji cha kumpoteza akili, alivyomkumbuka Allah chini ya msumeno, na alivyofiwa na mwanawe safari hiyohiyo. Tunasahau jambo moja: mguu ulikatwa. Madaktari walisema ugonjwa utapanda, naye akakubali. Subira yake haikuwa badala ya msumeno. Ilikuwa pamoja nao.

Lakini nisiishie kumlaumu baba yule, maana alimpenda mwanawe. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, naye amelia vya kutosha. Lawama nyingine ni yetu.

Kutoka Tororo hadi Mulago ni takriban kilomita 200. Nauli, chakula, kulala, kuacha biashara: kwa mchuuzi wa mpakani, huo ni mtaji wote. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda, pale Mulago, iliharibika, na mpya haikuzinduliwa hadi Januari 2018. Katika kipindi hicho hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu wagonjwa 400 bila malipo. Lakini mgonjwa bado alihitaji mtu wa kumwambia kwamba njia ipo, na wa kumvusha mpaka. Mtu asiyejua njia husema kwa urahisi kwamba amemwachia Mungu. Mara nyingine tunaita tawakkul kile ambacho kwa kweli ni umaskini na upweke.

Kumwokoa mtoto kama yule ni fardhi kifaya: wasipotokea wa kuifanya, sote tunapata dhambi. Sisi wanafunzi tuna simu, tunasoma, tunavuka mpaka huu kila wiki. Tunaweza kuwafundisha walimu wa madrasa na kina mama dalili ya weupe wa mboni. Kuna pia uvimbe wa taya wa watoto, ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Mulago: unaweza kuongezeka maradufu kwa siku mbili, na dawa yake ni kemo kuliko kisu. Katika mfuko wa jumuiya tunaweza kutenga nauli. Na mmoja wetu anaweza kufuatana na mzazi hadi mlango wa daktari.

Tuendelee kuwasomea watoto wetu ruqya, lakini tuwasomee tukiwa ndani ya gari la kwenda hospitali. Na siku nyingine mtu akisema mbele yetu kwamba amemwachia Mungu, tusikimbilie mashallah. Tumuulize kwanza: nauli unayo?

Allah awaponye wagonjwa wetu na atusamehe tulipochelewa. Wallahu a'lam.