Mpaka Baina ya Sinema ya Hadithi na Sinema ya Kweli

Katika darsa yetu limeulizwa suala ambalo si dogo kama lionekanavyo. Ziko sinema za hadithi, na ziko sinema ziitwazo za uhakika, ambazo wengine waziita dokumentari. Je, mpaka baina ya hizi mbili ni upi? Na mtu akionyeshwa hadithi iliyobuniwa, je, ameambiwa uwongo? Twajibu kwa kadiri ya ilimu tuliyoruzukiwa.

Yafaa kwanza tutenge hadithi na uwongo, kwani wengi huvichanganya. Bibi zetu wa Msambweni na Gazi, walipotaka kutuhadithia mambo ya sungura na fisi, walianza kwa kusema "Paukwa!", nasi tukaitika "Pakawa!" Neno hilo lilikuwa mlango. Kila aliyeupita alijua anaingia nyumba gani, wala hapana mtoto aliyeamka asubuhi akaenda mwituni kumtafuta sungura asemaye.

Wanazuoni nao walilijua jambo hili. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alitunga Maqamat, visa vya mlaghai Abu Zayd ambavyo havikutukia. Katika dibaji yake alijitetea kwa kuvifananisha na ngano za wanyama, nacho kitabu chake kikasomwa na kusherehiwa na wanazuoni karne baada ya karne. Lakini Ibn al-Jawzi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1201, aliandika kitabu juu ya wasimulizi wa visa na waaidhi, na ndani yake akawalaumu vikali wale waliobuni maneno wakayanasibisha kwa Mtume s.a.w. Tazama basi: huyu amebuni na yule amebuni. Mmoja akapokewa, na mwingine akakemewa. Tofauti yao haikuwa katika kubuni, bali katika ahadi aliyopewa msikilizaji. Al-Hariri hakumwambia mtu, "Haya yametukia." Wale wengine walisema hivyo, nao wajua kuwa hayakutukia.

Kwa mizani hiyo ndivyo tuipimavyo sinema. Mpaka hauko katika kamera, wala katika kuigiza, bali uko katika ahadi.

Chukua sinema ambayo wengi huitaja kuwa ya mwanzo katika hizi za uhakika, Nanook of the North, aliyoitoa Robert Flaherty mwaka 1922, juu ya Wainuti wa kaskazini mwa Canada. Mtu aliyeitwa Nanook, jina lake hasa lilikuwa Allakariallak. Alionyeshwa akiwinda kwa zana za wazee wake, hali bunduki zilikwisha kuwafikia. Nyumba ya theluji ilijengwa nusu, upande mmoja wazi, ili mwanga wa kamera upate kuingia. Nyumba hiyo si kosa, kwani ni hila ya kazi isiyombadilishia mtazamaji habari. Bali kumwonyesha mtu kuwa hajui bunduki, naye aijua, huko ni kumtoa katika zama zake na kumfanya mshenzi wa maonyesho.

Na sisi wa Pwani ya Kusini tunao mfano wa karibu. Mwaka 1986 alifika huku mgeni kutoka Uswisi, Corinne Hofmann, akampenda kijana wa Kisamburu, akaolewa naye, wakakaa Samburu, kisha wakashika biashara huku pwani. Mwaka 1990 alirejea kwao, na mwaka 1998 akatoa kitabu cha maisha yake, nacho kikauzwa sana Ulaya. Mwaka 2005 ikatoka sinema. Ndani yake majina yamebadilishwa, naye mume ameigizwa na Jacky Ido, mzaliwa wa Burkina Faso. Na jina la kitabu na la sinema ni lile lile, Mmasai Mweupe, hali mume ni Msamburu! Kuigiza si aibu. Lakini sinema kama hii huja ikitanguliwa na sifa ya kuwa ni kisa cha kweli, na mtazamaji wa mbali hana njia ya kujua wapi imekoma kweli na wapi imeanza kazi ya mtungaji. Basi huibeba yote, kisha hushuka Diani akimtazama kila kijana wa ufuoni kwa jicho alilopewa huko.

Liko jambo zito kuliko hilo, nalo ni picha ya kweli iliyotiwa ulimi usio wake. Mwaka 1966 Waitaliano Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi walitoa Africa Addio. Ndani yake mna picha zilizopigwa kutoka angani huko Unguja baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, zikionyesha maiti na makaburi ya wengi pamoja. Sinema hiyo hiyo ilimletea Jacopetti mashtaka kuwa watu waliuawa Kongo kwa ajili ya kamera yake, na mahakama ya Italia ikamwachilia. Maneno yaliyosemwa juu ya picha hizo humfahamisha mtazamaji kuwa Mzungu akiondoka, Afrika hurejea kwenye damu. Hukumu hiyo haimo katika picha, bali imewekwa juu yake.

Leo vipande vya sinema hiyo hupita katika simu zetu, bila mwanzo wala mwisho. Mmoja huvituma ili kuchochea chuki juu ya jirani yake. Mwingine hujibu, "Hiyo ni sinema tu," akayakana yote. Wote wawili wamedhulumu. Wa kwanza amechukua ushahidi akaufanya silaha. Wa pili amewafanya maiti kuwa hadithi, kwa kuwa tu aliyewapiga picha alikuwa na ghera mbaya. Hila ya msimulizi haimfufui aliyekufa.

Huenda msomaji akasema: kila kamera huelekezwa upande mmoja, na kila sinema hukatwa, basi hapana iliyo ya kweli. Twajibu: shahidi naye huona kwa upande aliosimama, wala kadhi hamrudishi kwa hilo. Humrudisha akiongeza asiyoyaona, au akificha aliloulizwa.

Qur'ani, katika Suratul Hujurat, imetuamrisha tuipeleleze habari iletwayo na fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Wapokezi wa hadithi walishika njia hiyo: walimuuliza msimulizi amesikia kwa nani, na wapi. Nasi tuiulize picha: nani ameipiga, lini, wapi, nini kimekatwa, na sauti isemayo juu yake ni ya nani?

Na kwenu vijana wa Ukunda, Diani na Shimoni, mnaoombwa na wageni kusimama mbele ya kamera: msiulize ujira peke yake. Ulizeni pia, "Picha hii itaitwa hadithi, au itaitwa maisha yetu?" Ikiwa hadithi, ni kazi kama kazi nyingine, maadamu haina haramu. Ikiwa itaitwa maisha yenu, basi mnatoa ushahidi juu ya mama zenu na mji wenu, na shahidi ataulizwa.

Wallahu a'lam.