Skrini Nyeusi Mbele ya Berkeley

Mwaka 1710 George Berkeley, mwanafalsafa wa Ireland, alidai kwamba kitu kuwepo ni kutambuliwa na akili.

Aliyetoka kusakinisha mfumo endeshi wa Ubuntu kwenye kompyuta yenye kadi ya NVIDIA, akakuta skrini nyeusi tii, ana hoja ya kumbishia. Feni inavuma. Akibonyeza Ctrl, Alt na F3, mara nyingi maandishi meupe hujitokeza yakimtaka jina na nywila: mfumo u hai, kilichokwama ni draiva ya picha. Akiongeza chaguo la nomodeset kwenye GRUB, menyu ya kuwashia mfumo, huenda picha ikarudi, ingawa hafifu, hadi apate draiva sahihi.

Berkeley angejitetea: Mungu haachi kuona. Sawa, lakini fundi hufungua kwanza journalctl, amri ya kusoma kumbukumbu za mfumo, asome makosa yaliyoandikwa wakati hakuna binadamu aliyeona kitu.