Mtumwa Akishika Fimbo

Msomaji mpenzi, liko swali ambalo kila aliyeonewa hujiuliza moyoni, hata kama ulimi wake haulitamki: siku nitakapopata nguvu, nimtendee nini aliyenionea? Wengi hujibu upesi kwamba dawa ya moto ni moto. Nataka tulipime jibu hilo kwa hadithi moja ambayo ina kasoro nyingi, lakini yafaa kutazamwa na kufikiriwa.

Hadithi hiyo huitwa The Ark, maana yake Safina. Ni moja katika mfululizo wa Doctor Who, mchezo mashuhuri wa televisheni wa shirika la BBC la Uingereza, nayo ilionyeshwa kwa sehemu nne mwezi wa Machi 1966. Daktari, mzee asafiriye katika nyakati, afika pamoja na wenzake wawili, Steven na Dodo, ndani ya merikebu kubwa ya angani, miaka 10,000,000 mbele yetu. Dunia inakaribia kuangukia katika jua. Wanadamu wamefanywa wadogo mno na kuwekwa akiba, wanyama wamepakiwa, na safari ya miaka 700 imeanza kwenda katika sayari ya Refusis. Watu wachache waitwao Walinzi huongoza merikebu. Kazi za utumishi hufanywa na Wamonoidi, viumbe wenye jicho moja, wasiosema ila kwa ishara za mikono.

Dodo ana mafua. Kwetu mafua ni jambo dogo. Kwa watu ambao miili yao imeusahau ugonjwa huo, ni tauni. Daktari apata dawa, na wageni waaga. Lakini mara wajikuta tena mahali pale pale, na miaka 700 imekwisha kupita. Sanamu kubwa ya mwanadamu, ambayo Walinzi walikuwa wameanza kuichonga, sasa imekamilika, na kichwa chake ni cha Monoidi. Watumishi wamekuwa mabwana. Mabwana wamekuwa watumwa. Tena, ndani ya sanamu hiyo Wamonoidi wameficha bomu la kuangamiza merikebu pamoja na wanadamu watakaoachwa ndani yake.

Kasoro za hadithi hii hazijifichi. Jicho la Monoidi ni kimpira ambacho mwigizaji amekishika mdomoni, na mahali pa kuogopa mtazamaji hucheka. Hilo twalisamehe. Kasoro kubwa zaidi ni ya haki. Katika nusu ya kwanza Wamonoidi hawana majina wala sauti. Katika nusu ya pili wapewa sauti, lakini majina yao ni nambari tu, na maneno yao karibu yote ni ya ukatili. Hata ushindi wao wasemwa umetokana na homa iliyodhoofisha nia ya wanadamu, kana kwamba mtumwa hawezi kutamani uhuru kwa akili yake mwenyewe. Mchezo huu ulitungwa wakati nchi nyingi zilipokuwa zikitoka katika utawala wa Waingereza, na Kenya ilikuwa imepata uhuru mwaka 1963. Sisemi kwamba watungaji walikusudia kutusema. Nasema kwamba msomaji mwenye busara hamezi hadithi bila kuitafuna.

Hata hivyo, ndani ya ganda hilo bovu imo kokwa nzuri. Daktari mwenyewe awakumbusha wanadamu kwamba wazee wao waliwafanya Wamonoidi watumwa, basi si ajabu kulipwa kwa kipimo kile kile. Si ajabu, naam. Lakini je, ni haki? Wamonoidi walikuwa na haki kamili ya kuwa huru. Hapana aliyepaswa kuwapa ruhusa. Lakini wanadamu waliowatesa baada ya miaka 700 hawakuwa wale waliowatumikisha zamani; wale walikuwa wamekufa. Aliyerithi faida ya dhuluma apaswa kuirekebisha, wala hapaswi kufanywa mtumwa. Uhuru na kisasi hufanana kwa sura, lakini uhuru huivunja fimbo, na kisasi huihamisha mkono tu. Na fimbo haichagui: Wamonoidi walipotofautiana, waligeuziana silaha wao kwa wao.

Wenyeji wa Refusis hawaonekani kwa macho. Wao watoa sharti moja: wanadamu na Wamonoidi waishi kwa amani, au wasipate makao huko. Asiyeonekana hawezi kupendwa wala kuchukiwa kwa sura yake. Hujulikana kwa matendo peke yake.

Pengine wasema, mimi si Monoidi, wala sina merikebu ya angani. Lakini fikiri juu ya mwanafunzi mgeni aliyenyang'anywa chakula, akafulishwa nguo za wakubwa, akaamshwa usiku ili achekwe. Mwaka ukageuka, na wageni wengine wakaja na masanduku yao. Hao hawakumkosea neno lolote. Yeye asema, mimi nilivumilia, nao wavumilie. Hapo sanamu imebadili kichwa tu.

Msomaji, siku hiyo itakufikia, kama haijakufikia bado. Utakapotiwa fimbo mkononi, usiulize kama sasa ni zamu yako. Uliza ni nani aliye mbele yako, na amekukosea nini.