Mizani ya Kasumbalesa

Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, kama kilomita 90 kutoka Lubumbashi, kila kitu hupimwa. Malori ya shaba na kobalti yanayoelekea Zambia hupanda mizani, na hakuna anayeusoma uzito wa jumla akaridhika. Sharti utolewe kwanza uzito wa gari lenyewe likiwa tupu, na kila gari lina wake. Kuutoa si kulipendelea gari. Bila hivyo hujui limebeba nini.

Binadamu tunampima bila kutoa kitu.

Mfikirie kijana mwenye usonji anayejaza karatasi za forodha katika ofisi ya wakala pale mpakani. Honi zinampasua kichwa, simu zinalia, wateja wamemsimamia nyuma ya kiti. Chef wake anatoa amri kwa mdomo huku akipita, na kabla ya saa sita ameshaibadilisha. Jioni kijana amechoka kuliko wenzake wote, na kazi haijaisha. "Mvivu huyu," wanasema. Wengine husema jambo zito zaidi: amerogwa. Hakuna aliyehesabu mzigo aliokuwa nao kabla hajagusa karatasi ya kwanza.

Wapo wanaomtetea kwa kusema watu wa namna yake wana jicho la tarakimu. Hoja hiyo ilinivutia muda mrefu, sasa naiogopa. Inamlazimisha anunue kiti chake kwa kipaji, na mwenye usonji asiye na kipaji hicho abaki mlangoni. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu unasema kumnyima mtu marekebisho yanayowezekana ni ubaguzi. Haumtaki kwanza awe hodari wa ajabu. Kongo nayo ina sheria yake ya kuwalinda watu wenye ulemavu, namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022.

Na marekebisho yenyewe ni madogo: maagizo yaandikwe, meza isogezwe mbali na barabara, aruhusiwe kuziba masikio. Anayeona huo ni upendeleo aitazame ofisi yake. Asiyeona vizuri amevaa miwani, na bosi msahaulifu ana sekretari wa kumkumbusha. Hayo hatuyaiti upendeleo kwa sababu tumeyazoea.

Chef, kabla ya kuandika barua ya onyo, mwite kijana pembeni umuulize: hapa ni nini kinachokulemea? Kisha mpe muda wa kujibu, hata kwa kuandika.