Msiufunge Mto, Wanangu

Juzi kwenye mkutano wa mtaa sikusema neno. Mlinipa kiti cha mbele, mkaniamkia mmoja mmoja, nami nikakaa kimya mpaka mkanyoosha mikono kwamba kichochoro cha kwenda Mto Msimbazi kizibwe kwa tofali. Kimya changu hakikuwa ridhaa. Ulikuwa uchovu wa mtu aliyekwisha kuliona jambo hili zamani, na kuuona mwisho wake. Leo nimepata nguvu kidogo, basi nisikilizeni.

Hofu yenu naijua, wala siidharau. Vibaka wanapanda kutoka bondeni usiku. Mwenzetu mmoja aling'olewa dirisha wanawe wakiwa wamelala chumba hicho hicho. Na mimi mwenyewe mwaka jana walinivizia pale konani nikienda swala ya alfajiri. Wakachukua simu, wakanisukuma mtaroni, na goti hili hadi leo halikunjiki vizuri. Kwa hiyo sitamwambia mtu asiogope.

Ila hamkuniuliza nilitokaje mtaroni. Alipita mama anayelima mchicha bondeni, mafungu yake kayafunika kwa gunia bichi, maji yakimchuruzika mabegani. Alinisikia nikigumia. Akatua mzigo wake kwenye tope, akapiga ukelele ambao nyumba zote zenye mageti ziliusikia na hazikufunguka. Waliokuja ni wenzake wawili waliokuwa nyuma yake njiani. Wale vibaka wakakimbia. Huyo mama anapita pale kila siku alfajiri. Mkijenga ukuta, hatapita tena, na mwizi atabaki peke yake na giza lake.

Miaka ya nyuma nilikaa mtaa mwingine kwenye bonde hili hili. Tukachanga, tukajenga ukuta, tukashangilia. Miezi ya mwanzo tulilala. Kisha nyuma ya ukuta pakaota magugu yanayomfunika mtu mzima, kwa kuwa hakuna tena aliyepita wala kufyeka. Watu wakawa wanarusha taka juu ya ukuta, kwa vile hakuna aliyewaona. Karavati likaziba, na hakuna aliyejua. Masika yalipofika, maji yakarudi nyuma yakaingia vyumbani, na ule ukuta tuliouchangia ukayazuia yasitoke. Tuliubomoa wenyewe usiku kwa nyundo, maji yakiwa kiunoni. Mwizi hakuwahi kuniibia vitu vingi kama nilivyopoteza usiku ule.

Mto una haki zake, wanangu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeuachia mita 60 kila upande, watu wasifanye humo shughuli za kudumu. Ukingo ule si uwanja wa nyuma wa mtu yeyote. Desemba 2011 mnaikumbuka: zaidi ya watu 40 walikufa kwa mafuriko katika jiji hili, na wenzetu wengi wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande. Sasa serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2022, inalipanga upya bonde la chini pale Jangwani, na katika mpango huo imo bustani ya watu wote. Lakini kama kila mtaa utaziba kichochoro chake, bustani hiyo ataifikia nani? Watoto wetu wataitazama wakiwa ndani ya daladala, wakipita darajani.

Msidhani nawaambia mwache wazi tu. Tazameni msitu wa Karura kule Nairobi, wenye mito yake ndani. Mwanamazingira Wangari Maathai alipigwa mwaka 1999 akiutetea usigawiwe wajenzi, na hata baada ya kuokoka ulibaki mahali pa kuogopwa. Walioutengeneza waliweka uzio, naam, lakini uzio wenye mageti ya kuingilia watu, na vijana wa vijiji vya jirani wakapewa kazi ya kuulinda. Kiingilio chake hulipwa, na hilo mimi nisingelitaka kwetu. Lakini leo familia zinatembea mle na watoto. Usalama uliingia pamoja na watu.

Basi na sisi tufanye hivi. Tofali ziacheni. Wekeni geti la nondo, mtu aone ng'ambo. Lifungwe saa nne usiku, lifunguliwe saa kumi alfajiri, na saa hizo ziandikwe getini kwa herufi kubwa. Ufunguo ukae kwa serikali ya mtaa na mlinzi wa zamu, asiumiliki mwenye nyumba hata mmoja. Fedha za tofali zinunue taa mbili, moja pale konani nilipoangukia. Magugu yafyekwe kila mwezi. Na kwenye ulinzi shirikishi waingizeni vijana wa bondeni, maana wao ndio wanaowajua vibaka kwa majina, sisi tunawajua kwa migongo tu wakikimbia.

Jambo la mwisho ndilo lililoniuma zaidi juzi. Nilitazama viti vyote, na waliokaa ni wenye nyumba peke yao. Tulikata shauri juu ya njia, na anayeipita hakuitwa. Kura ya namna hiyo, wanangu, hata ingekuwa ya mikono mia, ina upungufu.

Mwenyekiti, nakuomba uitishe mkutano tena kabla mafundi hawajaanza. Mpelekeeni habari yule mama wa mchicha na wenzake, na muda uwe ule ambao wameshauza mafungu yao. Akija, mpeni kiti changu cha mbele. Mimi nitasimama, goti litavumilia.