Kamera Ilimkuta Yuko Kazini

Kijana wangu wa Sumbawanga, nimekusikia. Unasema Ufipa ni mbali. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 za barabara, na waongozaji wa filamu hawapiti Laela wala Matai kutafuta sura mpya. Unasema sura yako si ya mhusika mkuu. Unasema utaanza siku utakapopata kamera nzuri. Haya, kaa hapa nikusimulie habari za Amri Athumani, kisha uniambie kama bado una neno.

Watanzania tulimwita King Majuto. Alizaliwa Tanga mwaka 1948, na kufikia mwaka 1958, bado mtoto, alikwishaanza kuigiza. Sasa hesabu pamoja nami. Televisheni ilianza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994. Tangu 1958 hadi 1994 ni miaka 36! Majuto alikuwa mtu mzima wa miaka 46 siku televisheni ilipobisha hodi. Filamu za video, hizi tunazoziita Bongo Movie, ziliposhika kasi miaka ya 2000, yeye alikuwa amevuka hamsini. Umri ambao wengine wanahesabu kiinua mgongo, yeye ndipo nchi nzima ilipoanza kumkaribisha sebuleni.

Kamera haikumtengeneza Majuto. Ilimkuta yuko kazini.

Alikuwa akifanya nini miaka yote hiyo? Alikuwa shuleni, shule isiyo na dawati. Vichekesho vya jukwaani vya zama zile havikuandikwa kwenye karatasi. Wasanii walikubaliana kisa, wakapanda, maneno yakazaliwa hapo hapo mbele ya watu. Na watu hawana huruma: ukipwaya, wanapiga soga wao kwa wao, ukipatia, wanashika mbavu. Mtu aliyepigwa msasa hivyo miaka na miaka anakuwa na wazee wengi ndani ya kifua kimoja: mzee mbishi, mzee bahili, baba mkali mwenye siri zake, mzee anayejifanya kijana. Ndiyo maana alipotokea kwenye filamu, hakuhitaji kuwa kijana mtanashati wa kisa cha mapenzi. Alisimama, akatazama upande, akanyamaza, na nyumba nzima ikaangua kicheko kabla hajafungua mdomo. Kunyamaza vile hakununuliwi dukani.

Basi usiniambie sura yako si ya mhusika mkuu. Filamu haiishi kwa mhusika mkuu peke yake. Inahitaji mlinzi, mwenye nyumba, shangazi, mganga, mwalimu mstaafu. Watu hao ndio mtazamaji anaowatambua na kusema, "Huyu namjua, yuko mtaani kwetu!" Aliye tayari kuwa mtu wa mtaani, akawa wa kweli kabisa, hakosi kazi.

Na wewe hukuzaliwa mikono mitupu. Wazee wa Ufipa walikuwa wahunzi. Walijenga tanuru refu la udongo, ilungu, likayeyusha mawe ya chuma kwa upepo liliouvuta lenyewe, bila mivukuto. Lakini chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kichafu. Walikipeleka kwenye tanuru dogo, kintengwe, kikachomwa tena hadi kikatakata, ndipo mhunzi akapata jembe. Wajukuu wa watu waliochoma chuma mara mbili, leo mnataka umaarufu kwa video moja ya dakika moja?

Tena mna hazina nyingine. Miaka ya 1960 Roy Willis, mwanaanthropolojia kutoka Uingereza, alikuja Ufipa kukaa na kusikiliza. Mwaka 1978 kikachapishwa huko kitabu chake kizima juu ya sanaa ya masimulizi ya Wafipa. Mtu alivuka bahari kuwasikiliza wazee wako, nawe unalala nao nyumba moja umeziba masikio kwa hedifoni! Vua. Msikilize bibi anaposimulia: sauti moja inakuwa Sungura, inakuwa Simba, inakuwa mke mwenye wivu. Huo ni uigizaji uliokomaa, unatolewa bure jikoni kwenu.

Kwa hiyo anza na hiki ulichonacho. Kesho nenda sokoni Sumbawanga ukamtazame mtu mmoja tu. Mtazame mnunuzi wa mahindi anavyopiga gunia kwa kiganja kabla ya kutaja bei. Msikie mama wa dagaa anavyomjibu mteja mwenye maneno mengi. Rudi nyumbani, uwe yeye: miguu kwanza, kisha mikono, sauti mwisho. Tafuta wenzako wanne. Tungeni kisa cha dakika kumi, mkionyeshe uani, shuleni, kwenye sherehe ya jirani. Wasipocheka, msiwalaumu, rudini kintengwe. Simu ya mkononi ije baadaye kurekodi kilichokwishaiva. Ukipata nafasi, chuo cha sanaa cha TaSUBa kule Bagamoyo kinafundisha. Nenda ukaongeze ulichonacho.

Na jambo moja usilisahau, maana lilimgusa Majuto mwenyewe. Mwaka 2018, alipokuwa mgonjwa, suala la mikataba ya kazi zake lilifika serikalini, na aliyekuwa waziri wa sanaa, Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kulishughulikia. Jifunze hapo. Usitie saini usichokisoma. Makubaliano yawe kwenye maandishi. Kazi yako isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kipaji kisicholindwa ni shamba la mahindi lisilo na mlinzi.

King Majuto alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018, akazikwa kwao Tanga. Miaka 60 ya kazi. Iondoe ile 36 ya mwanzo, na huyo mzee tuliyempenda kwenye kioo hayupo kabisa.

Wewe uko kwenye miaka yako 36 sasa hivi. Usiione kuwa ni miaka ya kusubiri. Jumamosi hii, ubaridi usikuzuie, simama mbele ya watu kumi uwape mtu mmoja wa kweli. Jumamosi ijayo, simama tena. Kamera itafika Ufipa. Ikukute umelowa jasho.